Vikaratasi Vitatu na Jicho la Bendera

Roret, Jumapili mchana

Baba Chelangat, Daktari wangu,

Nianze na habari njema, kwa sababu ndivyo ulivyonizoea. Mimi ni mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kutoka Kisii na kuvuka mto Sondu kuja huku kwenu kutafuta kazi ya majani chai. Tangu tukuzike mwezi wa nne, mfuko wako wa ngozi uko begani kwangu, na kutoka Sigowet mpaka Kapsoit watu wananiita Daktari Ombati. Hata mwalimu mkuu ananiita hivyo, na yeye anajua vizuri sana niliishia darasa la sita. Na mkono wangu una bahati, Mzee. Hakuna jicho hata moja lililoharibika chini ya kidole changu. La mbwa, la paka, hata la bata mzinga wa pasta. Macho ya Bureti yanafunguka yakinisikia tu nikikohoa getini.

Najua ungesema nini. Ungesema, "Ombati, punguza." Bila kuinua kichwa, bila kukasirika, kama mtu anayemwambia mwenzake apunguze moto chini ya maziwa. Miaka saba umeniambia nipunguze na sijawahi kupunguza. Sasa hakuna wa kuniambia, na nimegundua kwamba majisifu yakikosa mtu wa kuyakata yanakuwa marefu mpaka yanamchosha mwenyewe.

Habari za nyumbani. Mvua ya mawe ilipiga mwezi wa tano, majani ya shamba la chini yakabaki kama yametafunwa na kutemwa. Chelangat alikuja kutoka Bomet na mtoto. Mtoto ana masikio yako, tumempa pole. Kile chumba chako cha dawa kando ya jikoni bado kinanuka wewe, spiriti na tumbaku, na Mama Chelangat hajaruhusu mtu akifagie. Kuna jambo lingine juu yake ambalo sikutaka kuandika. Kila asubuhi bado anachemsha ile sufuria ndogo ya maji, anatia chumvi kidogo, anaifunika na sahani na kuiweka kwenye ngazi ipoe. Maji ya macho. Hakuna aliyemwambia achemshe. Ikifika saa nne, kama hakuna mgonjwa aliyeletwa, anayamwaga kwenye ua, anaosha sufuria, anaiangika. Kesho yake tena. Mimi nikimwona akiyamwaga napita nyuma ya zizi. Mimi niliyekuwa taniboi wa lori mpaka Kampala na Mombasa, mimi niliyelala chini ya magurudumu huko Malaba nikicheka, najificha nyuma ya ng'ombe kwa sababu ya sufuria.

Unakumbuka ulivyonipata? Soko la Kapsoit. Lile jibwa la muuza nyama lilikuwa limekwama mfupa kwenye meno, watu wamesimama mbali, na mimi nimelishika kichwa huku nikiwaambia akina mama wa mboga jinsi nilivyowahi kumshika mamba kule Jinja. Ukatoa mfupa. Ukaniangalia mikono, siyo uso, ukasema, "Mikono unayo. Akili tutaitafuta." Ulikuwa umepunguzwa kazini, wakati ule serikali ilipoacha kutuma watu wa mifugo vijijini, na ulikuwa unaanza kujitegemea na baiskeli moja na huo mfuko. Nikaacha kuchuma majani siku ile ile. Niliwaambia watu wote nimeajiriwa msaidizi wa daktari. Ukweli ni kwamba mwaka mzima nilishika vichwa tu.

Na vichwa nilivishika, Mzee. Ulinifundisha kwamba mbwa asogezwe matako kwenye pembe ya ukuta ili asirudi nyuma, na mtu asimame ubavuni, siyo mbele kama anataka kupigana naye. Paka azungushwe leso mpaka abaki kichwa peke yake kama mtoto wa ubatizo. Mkono mmoja chini ya taya, taratibu, usimkabe. Ulikuwa unasema tawa, na mimi nakucheka, nawe unanijibu kwamba afadhali mtu anayesema tawa na kuiweka mahali pake kuliko Mkisii anayesema dawa na kuimwaga kwenye pua ya mbwa. Ilikuwa kweli. Mara ya kwanza niliimwaga kwenye pua.

Mpaka leo nikifunga macho nauona mkono wako. Kwanza unanawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, hata kama mwenye mbwa ana haraka ya kupeleka maziwa. Halafu pamba kwenye maji ya Mama Chelangat, unalainisha ule uchafu uliokauka, unafuta kutoka kona ya pua kwenda nje, unatupa ile pamba, unachukua nyingine kwa jicho la pili. Unaanza na jicho lililo afadhali, la ugonjwa linangoja, ili usihamishe ugonjwa kwa kidole chako mwenyewe. Unavuta kope la chini linakuwa kama kimfuko. Unaweka mstari mdogo wa dawa humo, urefu wa punje ya mchele, na mdomo wa tyubu haugusi kitu, wala kope, wala nywele, wala jicho. Unafunga kope, unahesabu polepole kwa Kipsigis, unamsifu mbwa. Mimi hukunisifu lakini mbwa ulimsifu.

Na kila mnyama tyubu yake. Ulibandika plasta, ukaandika jina la mbwa na la mwenyewe, ukaiacha kwao. Ukawaambia waweke kwa siku zote ulizotaja, hata kama jicho limependeza siku ya pili. Zikiisha unapita na baiskeli kuichukua iliyobaki, unaichoma shimoni. Watu walikasirika. Kwa nini unachoma dawa nzuri? Unakumbuka yule mzee wa Sigowet aliyekuwa ameweka tyubu yake ya zamani dirishani jikoni, na ilipoisha akachukua ile ya ng'ombe, ile ya kuingiza kwenye chuchu kwa ugonjwa wa kiwele, akamwekea mbwa jichoni? Akatueleza bila wasiwasi kwamba chuchu ni nyama laini na jicho ni nyama laini, kwa hivyo ni jamaa. Mimi nilicheka mpaka nikaketi. Wewe hukucheka. Ulikaa na yule mbwa mpaka jioni ukimsafisha, na tulipokuwa tunarudi ulitembea ukisukuma baiskeli badala ya kupanda. Ukaniambia ndani ya baadhi ya tyubu hizo kuna dawa ya kupoza uvimbe, na hiyo ndiyo unayoiogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

Hapo ndipo ulinionyesha alama nyekundu.

Nieleze vizuri, siyo kwako, ni kwangu. Ulikuwa na tyubu za aina mbili. Moja ya kuua vijidudu peke yake. Nyingine ya kuua vijidudu ikiwa imechanganywa na ile ya kupoza uvimbe. Kwa sababu Kiingereza changu kinaishia kwenye mbao za barabarani, uliipaka ile ya pili mstari wa rangi ya kucha, ile nyekundu iliyobaki kwenye harusi ya Chelangat. Mama Chelangat aliitafuta chupa hiyo miezi mingi. Ukasema nyekundu isikutane kamwe na jicho lenye mkwaruzo. Ikikuta kidonda haikiponyi, inalinyamazisha jicho tu. Wekundu unaondoka, mbwa anafungua jicho, wewe unafikiri amepona, kumbe pale chini kidonda kimetandikiwa kitanda na vijidudu vinakula kwa raha. "Jicho linalolia lina afadhali," ulisema. "Linakuambia."

Na ulikuwa na vile vikaratasi vyako, vyembamba kama njiti, ncha ya rangi ya machungwa, ulivyopewa na yule sista wa macho wa misheni. Tone la maji safi kwenye ncha, unagusa ndani ya kope la chini, mbwa anapepesa, unaosha. Kama jicho ni zima rangi yote inaondoka. Kama kuna mkwaruzo, panabaki kijani, kijani kabisa, kama jani changa la chai asubuhi. Karatasi kwanza, tyubu baadaye. Na ukikosa karatasi, amini kuna kidonda, tumia isiyo na alama, na umpeleke kwa mkubwa wako. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani. Nisije nikasema hukunifundisha.

Tena ulinifundisha lile la paka. Kwamba ukimwekea paka dawa ya jicho mara ya kwanza usiondoke. Kunywa chai. Kaa umwangalie uso na pumzi, kwa sababu kuna paka mmoja katika wengi ambaye mwili wake unaikataa dawa, anavimba uso, anakosa hewa. Nilifikiri unapenda chai ya watu. Mpaka siku uliponiambia juu ya yule mama wa posho mili, kinu cha kusaga unga, pale Kapsoit, kabla ya wakati wangu. Ulimwekea paka wake dawa, ukapanda baiskeli ukaenda. Paka akafa kabla hujafika Roret. Yule mama alifikiri ni ugonjwa. Wewe ulirudi kesho yake, ukavua kofia pale mlangoni unga ukikuangukia, ukamwambia, "Paka wako hakufa kwa ugonjwa. Ni mkono wangu." Akakufukuza. Uliondoka bila kofia. Baada ya miezi mitatu akakuita kwa sababu ya mbwa wake, na kofia alikuwa ameifua.

Nilikuuliza ulimwambia ya nini, yeye hangejua kamwe. Ukanijibu, na sikulipenda jibu lako hata siku ile, "Yeye hangejua. Mimi ningejua, na mimi ndiye ninayeshika tyubu kesho."

Sasa naandika polepole. Kalamu ni ile ile, ni mimi.

Kifua kilipokushika, ulikaa pale nje kwenye kiti cha kamba na Bendera miguuni. Huyu mbwa wako, na mkia wake mweupe anaoupandisha kama kwenye gwaride, alikuwa na jicho moja tayari. Lile la kushoto lilitemewa na nyoka kabla hujanijua. La kulia ulilitunza mwenyewe kila lilipopata vumbi. Wiki yako ya mwisho nyumbani nilikuja na mandazi na hadithi ya uongo ya kukuchekesha. Hukula mandazi. Ulisema, "Mama atakuangalia wewe usife njaa. Wewe angalia jicho la Bendera." Nikasema hilo jicho ni langu sasa, litaona mpaka Kisumu. Ukatikisa kichwa. Hukuniambia nipunguze. Labda pumzi haikutosha.

Bendera hakulala kaburini kama watu walivyotaka kusimulia. Alikula chakula chake. Ila alijipa kazi. Magoti ya Mama Chelangat unayajua. Alianza kumtangulia kwenda kituo cha majani, yeye na kikapu mgongoni, Bendera mbele hatua tano, na kwenye ule mteremko wa mto unaoteleza anasimama, anageuza kichwa upande wa jicho zima, anangoja mpaka goti lake lifike. Wanawake wa kituoni walikuwa wanasema mzee ametuma mtu.

Mwezi wa saba wakapruni shamba la juu. Unajua chai iliyopruniwa inavyokuwa, magongo matupu kufika gotini, yamekatwa mshazari, makali kama misumari, na ni kimo kile kile cha jicho la mbwa. Bendera akaona sungura. Alirudi amefunga jicho, machozi yanamtoka mpaka kwenye mdomo, mkia uko chini.

Mama Chelangat akaniita. Maji ya macho yalikuwa tayari pale kwenye ngazi, kwa mara ya kwanza tangu uondoke yalikuwa na kazi. Ungeuona uso wake. Alileta na pamba. Majirani watatu wakaja, wakasimama kwenye ua, na mimi, Mzee, nilikuwa na furaha. Naandika ukweli, nilikuwa na furaha. Nilinawa mpaka kwenye kiwiko. Nilifuta kutoka kona ya pua kwenda nje. Nilimpa Bendera ukuta nyuma. Kila kitu kilikuwa mkono wako.

Nikatoa ile chupa ya vikaratasi. Vilikuwa vimebaki vitatu. Nilikuwa nazunguka navyo tangu mazishi, mfukoni mwa shati, upande wa moyo, wakati mwingine natoa kifuniko nanusa tu. Nikakichukua kimoja. Nikakiangalia ile ncha yake ya machungwa, uliyoigusa wewe. Nikafikiri, nikikitumia, vitabaki viwili. Halafu kimoja. Halafu umekwisha.

Nikakirudisha kwenye chupa.

Nikawaambia majirani sihitaji karatasi, jicho langu ni kama la tai, hapa hakuna kidonda, ni vumbi na vijidudu. Nilisema hivyo kwa sauti. Nikachukua tyubu mpya kutoka agroveti, duka la dawa za mifugo pale sokoni. Zako za zamani zilikuwa zimeisha, na hii niliinunua mwenyewe, ina picha ya jicho kwenye boksi, na karatasi ya Kiingereza kirefu ndani ambayo nilikuwa nimeikunja nikaweka kwenye kiatu kilichokuwa kinanipwaya. Niliitafuta alama nyekundu. Haikuwepo. Nikaona ni salama.

Nani angeipaka, Mzee? Aliyekuwa anapaka tulimzika mwezi wa nne. Nilitafuta alama yako kwenye tyubu uliyokuwa hujawahi kuiona.

Siku ya pili wekundu umeondoka. Bendera amefungua jicho, anapepesa. Nilienda sokoni nikasimulia mpaka muuza viazi akasahau kuuza. Mama Chelangat akanitolea maziwa ya mursik kwenye kibuyu chako, akanishukuru, kongoi, mara mbili. Nikaendelea na dawa asubuhi, mchana, jioni, sikuruka hata mara moja, kama ulivyonifundisha nisiruke. Siku ya nne jicho lilikuwa na wingu la bluu. Nikasema ni dawa inafanya kazi. Siku ya tano katikati kulikuwa na shimo dogo, kama mtu amegusa ugali na kidole. Siku ya sita asubuhi lilikuwa limelegea lote, kama ute wa yai, na Bendera hakuwa analia tena. Alikuwa ameweka kichwa kwenye baridi ya sakafu ya kile chumba chako.

Nikamfunga kwenye blanketi, nikampandisha pikapu ya maziwa mpaka Kericho, kwa daktari wa mifugo wa serikali. Ni mama kijana, mpole, amesoma. Alinawa mpaka kwenye kiwiko. Alitumia kikaratasi chake bila kufikiri, kama mtu anayewasha taa, na jicho lote lilikuwa kijani. Akaomba boksi la dawa. Akasoma kidogo. Akaniuliza nani alimwekea hii.

Nikasema sijui. Nikasema ni mtu fulani wa soko.

Mfuko wako ulikuwa begani mwangu nikisema hivyo.

Akanieleza kila kitu ulichonieleza wewe, maneno karibu yale yale, na mimi nikatikisa kichwa kama nayasikia mara ya kwanza. Alisema kama lingeoshwa na kuwekwa ile dawa nyingine, na mbwa akafungwa shingoni kitu cha kumzuia asijikune, mkwaruzo kama ule mara nyingi hupona kwa siku chache. Siku chache. Tungekata ndoo ya plastiki matako tukamvalisha, kama ulivyomfanyia yule paka wa pasta, na watoto wangecheka, na yangekwisha. Badala yake alilitoa jicho, akashona. Alishona vizuri sana. Hakuna mtu wa kulaumu kule Kericho.

Niliporudi nilimwambia Mama Chelangat kwamba gongo la chai liliingia ndani sana, hakuna dawa ingeweza. Akamshika Bendera kichwa, yeye mwenyewe, mkono mmoja chini ya taya, hata sijui alijifunzia wapi. Labda miaka yote hiyo alikuwa anatuangalia kwenye dirisha la jikoni. Akaniambia, "Pole, mwanangu. Umejaribu. Mzee angekuwepo angekushukuru."

Hiyo ndiyo sentensi ninayoishi nayo, Daktari. Ni wiki tisa. Kila mtu ananishukuru.

Sasa kwenda kituo cha majani, yeye ndiye anayetangulia. Bendera anafuata harufu ya kikapu, anagongana na miti, anaomba msamaha kwa mkia. Kwenye ule mteremko Mama Chelangat anasimama anamngoja, na goti lake, na kikapu kimejaa. Wiki iliyopita alianguka pale. Hakuumia sana, mkono tu ulichubuka. Akacheka, akasema sasa nyumba nzima ni vipofu na vilema. Mimi nilicheka pia. Nikaenda nyuma ya zizi.

Nimeielewa sasa ile tyubu nyekundu. Huu uongo wangu umefanya kazi ile ile. Nje nimetulia, nacheka sokoni, wekundu umeondoka. Ndani pameliwa.

Basi nikuambie nilichofanya na nitakachofanya. Jana mama mmoja wa hapa Roret alileta paka jicho limefunga. Nilitoa kikaratasi kimoja cha vile vitatu. Nilikitumia. Palibaki kijani kidogo, mstari kama unywele. Nikaweka dawa isiyo na kitu kingine, ile aliyoitaja daktari wa Kericho, tyubu yake peke yake, jina lake kwenye plasta, halafu nikaketi nikanywa chai ya watu mpaka ikapoa, nikimwangalia paka uso. Alipumua. Nikamwandikia yule mama amfikishe Kericho kesho. Vimebaki viwili na nitavimaliza kwenye macho, siyo mfukoni. Ile karatasi ya Kiingereza niliitoa kwenye kiatu, nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamwambia sijui kusoma hii, nisomee. Hakucheka. Nimenunua rangi ya kucha. Mwenye duka aliniuliza ni ya nani, nikasema ni ya daktari.

Na kesho Jumatatu, kabla ya saa nne, kabla hajayamwaga yale maji kwenye ua, nitaenda pale kwenye ngazi. Nitavua kofia. Sitaanza na hadithi ya Kampala. Nitasema maneno yako ya posho mili, yale matatu ya mwisho, halafu nitangoja chochote atakachosema. Akinifukuza nitaacha kofia. Akiutaka mfuko nitauacha pia. Asipoutaka, nitaomba upya ruhusa ya kuubeba, na kila jioni nitabeba kikapu chake mpaka kituoni, na Bendera nitamshika kamba mkono wa kulia, upande ule aliokuwa anaonea.

Pumzika, Baba Chelangat. Kifua kisikusumbue huko. Kama kuna mbwa huko, mtu mwingine akushikie kichwa kwa sasa, nitakuja kukushikia mimi siku yangu ikifika, ukinitaka.

Ni mimi Ombati wako.

Na ile bahati niliyoanza nayo huko juu, nimeipunguza. Ni uongo. Mkono wangu hauna bahati. Bendera haoni, na aliyempofusha ni mimi.